Shibolethi na Korbani: Maneno Tuliyoyasoma Bila Kuyajua

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Malangali, Sumbawanga



Kamati iliponiandikia barua, ilinitaka nizungumze juu ya maisha ya watumishi wa Kanisa waliotoka Ufipa au waliofanya kazi Ufipa, pamoja na maana ya baadhi ya maneno magumu ya Biblia. Nilishtuka kidogo. Mimi si padre wala mchungaji. Ni mtumishi wa Serikali, na maisha yangu ni mafaili, masijala na madokezo. Nadhani kuna mwanakamati aliyekumbuka daftari langu la kidato cha kwanza, ambalo nilikuwa naandika ndani yake kila neno nisilolielewa katika kipindi cha dini. Daftari lile lilijaa maneno, ila upande wa maana ulibaki mtupu kwa miaka mingi. Leo nitajaribu kuujaza kidogo.

Ndugu zetu Waislamu mliomo ukumbini msidhani hotuba hii haiwahusu. Mengi ya maneno nitakayoyataja yametufikia kwa mlango wa Kiarabu, na mtayatambua kabla yangu.

Sisi watu wa hapa tumezoea kubeba maneno bila kuyafungua. Huko Dodoma nikisema natoka Malangali, watu hunijibu, "Aa, Iringa!" Wanafikiri juu ya shule kongwe ya Malangali iliyoko Mufindi. Huwaambia, la hasha, Malangali yetu iko Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, chini ya milima ya Mbizi, mahali ambapo mwezi wa saba mtu halali bila blanketi mbili. Na Sumbawanga yenyewe, kama wazee walivyotufundisha, maana yake ni "tupa uchawi". Kila siku tunalitamka agizo hilo kwenye stendi ya mabasi, tukiuliza nauli, na hakuna anayekumbuka kwamba ameagizwa kutupa kitu.

Neno la kwanza katika daftari langu ni Shibolethi. Linatoka katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Gileadi, chini ya Yeftha, walipigana na ndugu zao wa Efraimu, wakawashinda, kisha wakavishika vivuko vya mto Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliulizwa kama ni Mwefraimu. Akikana, aliamriwa kutamka neno moja tu, Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kuitamka "sh", wakasema "s". Aliyekosea aliuawa papo hapo kivukoni. Biblia inataja watu 42,000 walioangamia wakati ule.

Na neno lenyewe maana yake nini? Ni suke la nafaka. Wako wataalamu wasemao linaweza pia kuwa na maana ya mkondo wa maji. Hapa kwetu tungesema suke la ulezi. Fikirini, ndugu zangu: watu waliuawa kwa sababu ya suke, yaani kwa jina la chakula, na waliowaua walikuwa ndugu zao waliokula chakula hicho hicho.

Nalikumbuka neno hili kwa sababu ya mwenzetu mmoja ambaye jina lake sitalitaja. Alitoka upande wa bonde la Rukwa, akaingia kidato cha kwanza pamoja nasi mwaka 1996, na ulimi wake ulikuwa mzito kwa "sh". Siku moja katika kipindi cha dini alipangiwa kusoma sura hiyo hiyo. Alipofika penyewe alisema "Sibolethi". Akarudia, akasema tena "Sibolethi". Darasa zima lilivunjika kwa kicheko. Usiku bwenini alipewa jina, na tangu siku ile hakuitwa tena jina lake. Hata alipoitwa kwenye foleni ya chakula, alikuwa Sibolethi. Wengi wenu mliomo humu mnamkumbuka. Wengi mmecheka sasa hivi nilipolitaja.

Ndugu Mwenyekiti, aliyempa jina hilo ni mimi. Wakati ule sikujua maana ya neno wala mwisho wa hadithi. Nilijua tu kwamba linachekesha. Tulikuwa tumesimama kivukoni na mikuki mikononi, tukadhani tunacheza.

Yule mwenzetu aliondoka akiwa kidato cha pili. Ada ilimshinda. Nitarudi kwake.

Sasa niwageukie watumishi wa Kanisa. Nimechagua watatu, na kila mmoja nitamfunga na neno lake.

Wa kwanza ni Askofu Charles Msakila. Aliteuliwa mwaka 1958 kuliongoza jimbo lililoitwa Karema wakati ule, ambalo mwaka 1969 lilibadilishwa jina na kuwa Jimbo la Sumbawanga. Aliliongoza hadi mwaka 1994. Waliomtangulia katika kiti hicho walikuwa wamisionari wa shirika la Mapadre Weupe, akiwemo Askofu Lechaptois, aliyefariki mwaka 1917 na ambaye kitabu chake juu ya watu wa kando ya Tanganyika kilichapishwa mwaka 1913. Jimbo la Msakila lilichukua pia nchi ya Mpanda, ambayo ilipata jimbo lake mwaka 2000. Hesabuni wenyewe maili za vumbi na matope kutoka mpaka wa Zambia hadi huko, wakati ambapo lami ilikuwa ndoto.

Neno "askofu" lilianza kwa Wayunani likiwa episkopos, likapita kwa Waarabu, likafika kwetu. Maana yake si mwenye kofia ndefu wala mwenye gari. Maana yake ni mwangalizi, mtu anayepita kukagua ili ajue nani yupo na nani hayupo. Sisi watumishi wa Serikali tunayo kazi kama hiyo, tunaiita ukaguzi. Ila mkaguzi wetu mara nyingi huangalia vitabu vya hesabu, na episkopos huangalia watu. Mtu aliyefanya uangalizi kwa miaka zaidi ya 35 katika nchi ya milima na maziwa mawili, huyo alilitimiza neno kwa miguu yake.

Wa pili mnamfahamu wote, Kardinali Polycarp Pengo. Alizaliwa Mwazye, kusini mwa uwanda wetu huu, tarehe 5 Agosti 1944. Alipewa upadre mwaka 1971 kwa ajili ya Jimbo la Sumbawanga. Alisomea teolojia ya maadili huko Roma hadi kupata udaktari, akafundisha Kipalapala, akawa gombera wa seminari ya Segerea. Mwaka 1984 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Nachingwea, mwaka 1986 akapelekwa Tunduru-Masasi. Mwaka 1990 akawa askofu mwandamizi wa Dar es Salaam, na mwaka 1992 akashika nafasi ya Kardinali Laurean Rugambwa, yule Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali, mwaka 1960. Pengo mwenyewe alifanywa kardinali mwaka 1998, akastaafu uaskofu mkuu mwaka 2019.

Neno "kardinali" halimo katika Biblia, lakini limo katika daftari langu kwa sababu mwaka ule wa 1998 tulikuwa kidato cha tatu, na mji mzima ulikuwa unalitamka. Linatokana na Kilatini cardo, yaani bawaba, chuma kile kinachoushika mlango kwenye mhimili wake. Mtu akiingia nyumbani husifu mlango. Hakuna aingiaye akasifu bawaba. Lakini bawaba ikilegea, mlango mzuri wa mninga huwa ubao tu ulioegemezwa ukutani. Nilipoijua maana hiyo nilielewa kwamba cheo kile, ambacho sisi vijana tulikiona ni cha kukaa juu, kwa jina lake ni cha kubeba uzito pembeni.

Wa tatu hakuwa padre, na namweka hapa kwa makusudi. Ni Adrian Atiman, katekista na tabibu wa Karema. Alizaliwa karibu na Timbuktu, kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo Mali leo, yapata mwaka 1866. Angali mtoto alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Mapadre Weupe walimnunua ili wamwachie huru. Walimsomesha, wakampeleka kisiwa cha Malta kujifunza utabibu, kisha akaja huku kwetu. Alifika Karema mwaka 1889, miaka minne tu baada ya ngome ile ya Wabelgiji kukabidhiwa kwa wamisionari. Alikaa hapo, akitibu watu na kufundisha dini, akajifunza pia dawa za miti za wenyeji, mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 mahali pamoja. Alioa huku, na mwanawe Joseph akawa padre.

Neno la Atiman ni "fidia". Sisi maofisini tunalijua kwa malipo ya mazao na nyumba barabara inapopita. Katika Agano Jipya neno la Kiyunani lililofasiriwa hivyo ni lutron, nalo lilikuwa na maana moja ya wazi kwa kila mtu wa sokoni: fedha inayolipwa ili mtumwa atoke kifungoni. Sisi tulifundishwa ukombozi ubaoni, kwa chaki. Watu wa Karema waliuona ukitembea. Mtu yule alipowaambia kwamba amekombolewa, hakuwa anafumba. Palikuwa na bei, palikuwa na mkono uliolipa, na palikuwa na mtoto aliyeshikwa mkono akatolewa. Na alipokwisha kuwa huru, alitumia uhuru wake kwa watu wasio wa kabila lake, mbali kabisa na mto alikozaliwa.

Mmeona basi ninakoelekea. Neno katika kitabu ni kama mbegu ghalani. Haliwi kitu mpaka mtu alipande katika maisha yake. Ndiyo maana nasema habari za maisha ya watumishi hawa si hadithi za kupambia kalenda. Ni kamusi yetu.

Ndugu Mwenyekiti, laiti ningeishia hapo mngepiga makofi, nikaenda kula. Lakini daftari langu lina neno jingine ambalo maana yake sikuipata kitabuni. Ni Korbani, katika Injili ya Marko, sura ya 7.

Lilikuwa neno la sheria. Mtu alikuwa na mali ambayo ingemsaidia baba yake au mama yake. Akitamka juu yake neno Korbani, mali ile ilihesabiwa kuwa imetolewa kwa Mungu, na wazazi hawakuweza tena kuidai. Kwa neno moja la utakatifu mtu alijitoa katika wajibu wake, na hakuna aliyeweza kumlaumu, kwa kuwa nani atagombana na Mungu? Yesu aliwakemea walimu wa sheria kwa mchezo huo.

Miaka michache iliyopita, wakati wa masika, upepo uling'oa paa la chumba anacholala mama yangu, hapa hapa Malangali. Alinipigia simu Dodoma. Hakunilaumu, hakulia. Alisema tu, "Baba, mvua inaingia. Ukipata bati nane zitatosha." Wakati ule nilikuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi wa kanisa mtaani kwetu, na nilikuwa nimeahidi shilingi 600,000 mbele ya watu wote, jina langu likasomwa na makofi yakapigwa. Nikamjibu mama, "Mama, fedha niliyo nayo nimeshaiahidi kwa kazi ya Mungu. Vumilia kidogo." Akasema, "Haya, mwanangu. Kazi ya Mungu isikwame."

Nililipa ahadi yangu kwa wakati, na risiti ninayo mpaka leo.

Nilikuja nyumbani miezi mitano baadaye, nikiwa na fedha ya bati mfukoni. Nikakuta paa limekwisha pigwa, bati nane, misumari imepangwa kwa mstari ulionyooka. Nikauliza ni nani. Mama akasema, "Mwalimu alikuja na vijana wake." Nikauliza, mwalimu gani? "Mwalimu wa dini, wa kigangoni."

Nilikwenda kumshukuru. Mlango ukafunguliwa, nikamwona Sibolethi.

Yule tuliyemcheka kwa ulimi wake ndiye katekista. Nanyi mjue kwamba "katekista" nalo ni neno la Kiyunani, linatokana na kupaza sauti ili isikike, kufundisha kwa mdomo. Watu wa kigango kizima wanajifunza kwa sauti ile ile tuliyoizima darasani. Bati alizipata kwa mikono yake mwenyewe: aliuza gunia la maharage, na vijana wa kwaya wakachanga zilizobaki. Alimfahamu mama kwa sababu huwatembelea wazee kila juma. Hakujua kwamba ni mama yangu mpaka kazi ilipokwisha, alipoiona picha yangu ya mahafali ukutani.

Nilimwomba radhi kwa yote mawili, jina na paa. Kuhusu paa alisema wazee ni wa wote. Kuhusu jina alicheka, akaniambia kwamba alitafuta maana yake zamani sana, kabla yangu. "Ni suke," akasema. "Kwa mkulima si jina baya."

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini methali hiyo haikunifariji, kwa sababu mwenye dhiki alikuwa mama yangu na mimi ndiye mwana. Nikarudi kwenye vitabu kulitazama tena neno Korbani. Nikakuta kwamba shina lake la Kiebrania ni lile lile la Kiarabu lililotupa sisi neno "karibu". Korbani ni kitu kinachosogezwa karibu na Mungu. Neno tunalomwambia kila mgeni mlangoni, mimi nililigeuza likawa la kumweka mama yangu mbali. Na nililitamka kwa sauti ya upole, kama mtu mwema.

Sisemi watu wasichangie makanisa au misikiti. Nimechanga na nitachanga. Nasema tu kwamba ahadi inayosomwa hadharani isije ikawa pazia la kuficha ile isiyosomwa popote.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nina maombi mawili, na ndiyo sababu nilikubali kusafiri.

La kwanza: gazeti letu hili liwe na ukurasa wa maisha ya makatekista, wainjilisti, wachungaji na walimu wa madrasa wa vijiji tulivyotoka. Maaskofu wana watu wa kuwaandika. Mtu aliyefundisha watoto miaka 40 chini ya mti huko Rukwa bondeni hana. Waliomjua wanapungua kila mwaka. Kila mmoja wetu aandike maisha ya mtu mmoja tu: alizaliwa wapi, alifanya nini, nani shahidi. Sisi tumesomeshwa kuandika. Tuandike na hayo.

La pili ni gumu zaidi. Katiba ya chama chetu inasema mwanachama ni yule aliyehitimu hapa kidato cha nne. Naelewa nia ya waliokiandika kifungu hicho. Walitaka orodha safi, na mimi mtu wa masijala napenda orodha safi. Lakini kwa kifungu hicho, mwenzetu aliyelala bweni moja nasi, akala nasi, akaondoka kwa kukosa ada, si mwenzetu. Leo hakualikwa. Yuko kigangoni kwake, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapa, na mimi niliyempa jina ndiye niliyesimama jukwaani. Hiki ni kivuko cha Yordani, ndugu zangu. Tumeweka mlinzi, na neno la kupitia ni cheti.

Naomba kifungu kibadilishwe, kisomeke kwamba mwanachama ni yeyote aliyesoma hapa. Hoja nimeiandika, na sahihi yangu ipo. Zinahitajika nyingine kumi ili ijadiliwe leo mchana. Karatasi iko mezani kwa Katibu.

Asubuhi hii nimetoka kwa mama. Alinipa chai na ugali wa ulezi uliolala, akaniuliza nakuja kusema nini kwa watu wakubwa. Nikamwambia nitasema juu ya maneno magumu ya Biblia. Akaniuliza, "Yapo magumu?" Sikuwa na jibu la kumpa.